Hesabu ya Siku Nyeupe

Ijumaa ile Nyatichi alikuwa ameuza taa kumi na moja kabla ya saa nne asubuhi. Ya kumi na mbili alikuwa ameishika mkononi akitafuta boksi lake, mtoto mgongoni akimvuta nywele, simu ilipolia ndani ya mfuko wa aproni. Hakuiangalia. Tangu Jumatano duka la Kuruthum, pale Migori mjini, lilikuwa halikaliki. Wavuvi walikuwa wakiingia wawili wawili, wakinuka petroli na ziwa, wakitaka taa za sola za kuvulia, wakitaka betri, wakitaka kamba na nyavu za matundu madogo, na kila mmoja akitaka kuhudumiwa kwanza kama mtu anayechelewa mazishi ya mjomba wake.

"Wiki mbili zilizopita mlikuwa wapi nyinyi?" aliwauliza. "Nililala hapa kwa kaunta mpaka nikaota."

"Hata sisi tulikuwa tumelala, mama," mmoja akamjibu, akapokea taa yake na kuondoka bila kueleza zaidi. Kwake hakukuwa na kitu cha kueleza.

Duka lilipopungua watu, Nyatichi alimteremsha Boke mgongoni, akamkalisha juu ya mafungu ya nyavu na kumpa kifuniko cha chupa achezee. Mtoto alikuwa na miezi kumi na mmoja na meno manne. Mama yake alikuwa na miaka ishirini na minne na usingizi wa mwaka mzima. Kutwa dukani, saa kumi na mbili jioni darasani kwa ile diploma ya maendeleo ya jamii, na baba ya mtoto yuko Nairobi kwenye mjengo, simu yake inapatikana siku moja na siku mbili haipatikani. Hakuwa analia. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule wa kukaa na kitu mkononi ukasahau ulikuwa unakipeleka wapi.

Akatoa simu. Ulikuwa ujumbe wa Daktari Mayaka.

Daktari Mayaka alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, mtu mpole wa kutoka Kisii, na utafiti wake ulihusu miji ya kando ya ziwa: vile inavyopata barabara na taa na hoteli, halafu wenyeji wake wanaanza kusukumwa pembeni kidogo kidogo, kodi kwanza, kisha nafasi, kisha wao wenyewe. Mwezi wa Februari alimwajiri Nyatichi kuwa karani wa kukusanya habari. Siku tatu Nyatichi alizunguka ufuo wa Kolweny, karibu na Muhuru Bay, na tableti mkononi na Boke mgongoni, akihesabu sehemu ambazo kina mama huanika omena, wale dagaa wa ziwani. Alifanya kazi safi. Daktari mwenyewe alisema hivyo, na akaongeza kwamba awamu ya pili ikianza mwezi wa Juni angependa Nyatichi awe msimamizi wa makarani. Neno hilo, msimamizi, Nyatichi alikuwa amelibeba miezi miwili kama mtu aliyeficha mandazi ndani ya leso. Siku zikiwa ngumu alikuwa anachungulia, anaona bado liko.

Sasa rasimu ya ripoti ilikuwa imetoka. Akaifungua. Akatafuta jina lake kwanza, na nani angemlaumu, akalikuta kwenye orodha ya makarani, limeandikwa vizuri bila kukosewa. Kisha akatafuta Kolweny. Ukurasa wa thelathini na moja.

*Sehemu za kuanikia: arubaini na sita. Zinazotumika: tatu. Eneo kwa sehemu kubwa liko wazi na halitumiki. Linaweza kutengwa kwa soko la kisasa na hoteli bila kuathiri shughuli za wenyeji.*

Akasoma mara mbili. Tatu kati ya arubaini na sita. Ndiyo, alikumbuka. Hata zile tatu zilikuwa na mihogo, si omena. Lakini hapo kwenye simu maneno yalikuwa yamekaa vibaya, kama mtu uliyemzoea akija kwako na sare ya polisi.

"Mama Boke, usikae!" Kuruthum alimwita kutoka stoo. Alikuwa mwanamke mnene wa Isiolo, mwenye mtandio wa rangi ya zambarau na sauti ya kuuza ng'ombe, na alikuwa na miaka kumi na tisa Migori. "Fungua yale maboksi mengine. Giza ndiyo linaanza hivi. Mpaka wiki ijayo hatutapumua."

"Giza gani?"

Kuruthum akatoka stoo kumwangalia vizuri. "Wewe mtoto wa Ntimaru, umeuza taa miezi miwili na hujui unamuuzia nani? Omena wanavuliwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa inaonekana na nani? Hakuna. Kwa hivyo wavuvi wanalala, wanashona nyavu, wanakunywa pombe, wanapiga wake zao. Giza likirudi wanakuja kwangu mbio. Mimi ni mtu wa ngamia, sikuzaliwa na maji, lakini hili duka limenifundisha. Mwezi ukijaa, mimi nakula akiba."

Nyatichi alijua amesikia kitu, ila moyo ulikuwa bado unakizunguka kwa mbali.

Ukutani nyuma ya kaunta kulikuwa na kalenda ya msikiti, zile zenye tarehe mbili, ya Kizungu juu na ya Kiislamu chini kwa wino wa kijani. Nyatichi akaifunua kurudi nyuma, Aprili, Machi, Februari. Akaweka kidole. Tarehe kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne Februari.

"Hapa chini imeandikwa nini?"

Kuruthum akainama. "Shaabani. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Hizo ni siku nyeupe. Mwezi umejaa kabisa, usiku unang'aa kama mchana. Mimi huzifunga kila mwezi nikiwa na afya." Akafikiri. "Hata siku hiyo nakumbuka. Ulipita hapa na begi, ukasema unaenda kuhesabia serikali, nikakupa chai ukaniuliza mbona wewe hunywi. Si nilikuwa nimefunga?"

Nyatichi akakaa chini juu ya nyavu, kando ya mtoto wake. Boke akamletea kifuniko mdomoni, naye akajifanya anakunywa.

"Nimehesabu siku nyeupe," alisema. "Kuruthum, nimehesabu uwanja wa omena siku ambazo hakuna omena."

*

Alikumbuka vile kina mama wa Kolweny walivyokuwa na nafasi.

Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Alipofika Februari walimpokea kama mgeni wa harusi. Mama mmoja kwa jina Phelesia, mjane mwenye mikono ya mwanamume, alimpa chumba bila malipo na kumbeba Boke siku zote tatu. Walikaa kivulini wakasukana, wakajibu maswali yote sitini na mawili bila haraka, hata yale ya kipuuzi. Walikuwa na muda mwingi mno, na Nyatichi, mtoto wa wakulima wa mahindi na tumbaku, aliyejua kwamba shamba lisilo na kitu wakati wa kupanda ni shamba lililoachwa, aliutazama ule uwanja mtupu akauona kama shamba.

Swali la kumi na nane lilisema: *Je, sehemu hii inatumika leo?* Akamuuliza Phelesia. Phelesia akacheka, "Leo? Leo hakuna kitu hapa, nyathina." Mtoto wangu, alimwita. Naye akabonyeza Hapana. Mara arubaini na tatu akabonyeza Hapana, na kila mara tableti ikatoa mlio mdogo wa kuridhika.

Alimpigia Daktari Mayaka mchana ule, amesimama mlangoni mwa stoo.

"Daktari, ukurasa wa thelathini na moja una makosa."

"Ya chapa?"

"Yangu."

Akaeleza. Daktari alimsikiliza hadi mwisho.

"Sisi watu wa milimani," Daktari akasema hatimaye, kama anayejicheka bila furaha, "tunajua majani chai. Nilipanga zile siku mimi mwenyewe. Nilitazama ratiba ya masomo yangu, sikutazama juu." Akakohoa. "Unajua kilichoniuma niliposoma takwimu zako? Mimi nilikuwa natafuta watu wanaosukumwa. Nikakuta uwanja mtupu. Nikasema basi, ukweli ni ukweli, lazima niuandike hata kama haunipendezi."

"Ondoa ule ukurasa, Daktari."

"Siwezi kuondoa takwimu kwa sababu karani amejuta. Wafadhili watauliza. Alhamisi tuna kikao Homa Bay cha kuipitisha hii ripoti, na watu wa mradi wa soko watakuwepo. Wakishapitisha, wanaanza kupima ardhi." Sauti yake ikashuka. "Niletee hesabu nyingine. Na uelewe, Nyatichi. Jina lako liko kwenye kila fomu. Ukisimama kusema hesabu ile ni mbovu, sitaweza tena kukuweka kuwa msimamizi. Hawatanikubalia."

"Na nikinyamaza?"

"Sitakunyamazisha wala sitakulazimisha. Nimechoka hata mimi."

Akakata. Nyatichi akalichungulia lile neno lake ndani ya leso, msimamizi. Liko. Akafunga.

Jumamosi alitafuta mtu wa kumlaumu. Jumapili akafua nguo za mtoto. Jumatatu Kuruthum akamtazama, akamwambia, "Nenda. Wewe unanivunjia taa hapa na hizo mawazo. Alhamisi hiyo usipoenda utakuja kunichukia mimi bila sababu." Akaichukua kalenda ukutani, akachana kwa uangalifu ukurasa wa Februari na ule wa Aprili, akazikunja. "Kodi yangu imepanda mara mbili tangu waweke lami hapa mbele. Hakuna mtu alikuja kunihesabu. Angalau wale wa Kolweny walihesabiwa, hata kama ni vibaya."

*

Jumanne saa tatu asubuhi Kolweny haikuwa Kolweny aliyoijua.

Hakukuwa na pa kukanyaga. Kuanzia mabanda ya mitumbwi hadi ukuta wa kanisa ardhi yote ilikuwa imefunikwa nyavu, na juu ya nyavu omena, fedha tupu, wakimeta hadi macho yanauma. Hata uwanja wa mpira ulikuwa umeanikwa, milingoti ya goli imesimama katikati ya samaki kama wageni waliopotea. Kina mama walitembea miguu mitupu katikati, wameinama, mikono ikigeuza, ikitandaza, ikifukuza kuku. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Oyawore, mama," Nyatichi akamwamkia Phelesia.

Phelesia hakusimama wima. "Nyar Kuria," akasema, binti wa Kuria. "Umerudi kuhesabu nini? Si ulisema tumelala?"

"Mama..."

"Naibu wa chifu ametusomea. Ametusomea barazani mbele ya watu. Eti hapa ni wazi. Eti hapatumiki." Akageuza kikapu kizima kwa mkupuo mmoja. "Tatu! Hata hizo tatu ni mihogo ya Siprosa!"

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka kicheko cha kukata.

"Muulizeni kama leo anaona," mmoja akasema.

"Ana macho ya tableti huyo. Ya kwake aliyaacha Migori."

"Na mtoto wake nilimbeba mimi," Phelesia akasema, na hapo hakukuwa na utani. "Mgongo huu. Siku tatu."

Nyatichi akamgeukia. "Kwa nini hamkuniambia?" Likamtoka kabla hajalipima. "Niliwauliza mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba mwezi umejaa!"

Phelesia sasa akasimama wima, polepole, mkono kiunoni. Alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwezi ulikuwa pale juu," alisema. "Tulikuwa tunakula chakula nje, mimi na wewe, bila taa. Ulisema, mama, huku kwenu kunapendeza jioni. Mimi ningejuaje kwamba unautazama na huuoni?"

Nyatichi akafungua begi, akatoa tableti. "Nimekuja kurudia. Alhamisi wanakaa Homa Bay. Mkinipa majina yenu leo, kila mtu na sehemu yake, nitawaambia..."

"Hapana."

"Mama, tafadhali."

"Hatuandikwi tena. Dada yangu Filister alikuwa anaanika kule Homa Bay kabla hawajajenga. Walikuja watu wakasema watawapa wanaoanika vibanda. Walioandikwa majina, hawakupata. Wasioandikwa, hawakupata. Sasa ni nini?" Akainama tena. "Majina yetu yakienda, sisi wenyewe tunafuata. Rudi kwenu."

Wengine wakaitikia kwa Dholuo, fupi, na kazi ikaendelea kama hayupo.

Alisimama pale na tableti yake. Jua lilikuwa limepanda na Boke alianza kulia, kile kilio cha njaa kisicho na mjadala. Nyatichi akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akamnyonyesha. Hakuwa na mpango. Mtoto aliposhiba akalala, akamfunga mgongoni, akairudisha tableti ndani ya begi na kufunga zipu. Akavua viatu. Akaenda kwenye ukingo wa nyavu za Phelesia ambako mkono wa mama mzee ulikuwa haujafika, akainama, akaanza kugeuza.

Hakuna aliyemwambia aache. Alifanya vibaya, na mama mmoja akamwonyesha kwa kifundo cha mkono, hivi, usiwakandamize, wapitie chini kwa vidole vilivyofunguka. Magamba yalimganda hadi kwenye viwiko. Kiuno kikauma, kikaendelea kuuma, kikazoea. Kulikuwa na kupumzika fulani katika kazi isiyomuuliza kitu.

Alipofika mwisho wa wavu aliona kitambaa kimefungwa kwenye pembe, kipande cha gauni la maua ya njano. Wavu wa jirani ulikuwa na cha bluu. Uliofuata, mistari ya sare ya shule. Akainua macho. Kila wavu, uwanja mzima, ulikuwa na kitambaa pembeni.

"Hivi ni vya nini?"

"Ni vya kujua wangu na wako," Phelesia akasema. "Upepo ukija usiku, au mvua, tunakimbia wote kukusanya. Kila mtu anashika wavu wowote ulio karibu. Baadaye unatafuta kitambaa chako." Akanyoosha pembe. "Wa njano ni wangu. Ni gauni nililoolewa nalo."

Wakatazamana. Phelesia ndiye aliyelitamka, kwa sauti ya mtu anayetoa kitu kwa shingo upande.

"Vitambaa havina majina."

"Havina," Nyatichi akasema.

"Basi hesabu vitambaa."

Akahesabu. Akapiga picha ya kila pembe, kila gauni kuukuu na shuka na sare, kutoka kanisani hadi majini, kwenye uwanja wa mpira na kwenye njia. Hamsini na tisa. Kumi na tatu walikuwa wamekosa nafasi uwanjani wakaenda kuanika pale penye miguu ya watu. Mwisho kabisa, mbele ya wavu wa njano, alikuta Phelesia amesimama wima, amejifuta uso kwa kanga.

"Na mimi nipige," alisema. "Jina hapana. Uso sawa."

*

Kikao cha Alhamisi kilikuwa kwenye hoteli mpya ya Homa Bay, ukumbi wenye vioo upande wa ziwa na viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Nyatichi alikaa nyuma na Boke mapajani. Mwanamke aliyekuwa akipitisha chai, mrefu, mwenye mikono aliyoitambua kabla hajaitambua sura, akainama kumjazia kikombe.

"Wewe ndiye wa Kolweny," akanong'ona. "Mimi ni Filister. Phelesia amenipigia." Akaelekeza kwa kidevu mbele, penye projekta. "Pale kwenye hiyo meza ndipo nilikuwa naanika."

"Mlihesabiwa?"

"Sisi? Waliandika majina tu. Sehemu zetu hawakuhesabu hata siku moja. Kula mandazi, mtoto wako ana njaa."

Daktari Mayaka alipofika ukurasa wa thelathini na moja akavua miwani, akasema kuna karani anayetaka kuongea kuhusu takwimu hizi. Nyatichi akaenda mbele na mtoto kiunoni kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Filister alinyoosha mikono lakini Boke akakataa.

Hakuongea vizuri. Baadaye, akikumbuka, angeona aibu kwa vile alivyorukaruka, akaanza na taa za dukani, akarudi kwenye kalenda, akasahau kusema ni wapi. Lakini alisema. Aliziinua kurasa mbili za Kuruthum wazione. Akaonyesha siku tatu za Februari na wino wa kijani chini yake, kisha Aprili, mwisho wa mwezi wa Shawali, giza. Daktari akaweka picha ukutani, vitambaa hamsini na tisa, kimoja kimoja. Wakati kile cha njano kilipotokea, na Phelesia nyuma yake ametazama kamera kama anayemdai, Filister aliweka birika chini.

Mtu wa mradi wa soko aliitwa Maranga. Hakuwa mkali. Alionekana mtu aliyelala vibaya na aliyetoka kwenye kikao kingine cha namna hiyohiyo.

"Kwa hivyo, dada, ile hesabu ya kwanza ulidanganya?"

"Hapana. Nilihesabu nilichokiona."

"Na hii ya pili?"

"Hii pia."

"Sasa sisi tuamini ipi?"

Boke alikuwa amekamata kipaza sauti, akakipiga kwa kiganja, na ukumbi mzima ukasikia kishindo. Watu wawili watatu wakacheka. Nyatichi akamtoa mkono taratibu.

"Zote mbili, bwana. Kila mwezi uwanja unakuwa mtupu siku chache, halafu unajaa mpaka watu wanaanika kwenye goli. Mtu akija kwako usiku akukute umelala, hawezi kuandika kwamba nyumba haina mtu." Akampandisha Boke kiunoni. "Mimi ndiye niliyeandika hivyo. Kosa ni langu na jina langu liko pale. Naomba msipime ardhi kwa jina langu."

Maranga akamtazama Daktari. Daktari akasema, bila kuinua sauti, kwamba yeye kama mtafiti mkuu hawezi kutetea ukurasa huo, na kwamba siku zilipangwa naye. Wakabishana. Wakabishana hadi chakula cha mchana kikapoa. Mmoja akasema ripoti ipite hivyohivyo na marekebisho yaje baadaye, mwingine akauliza baadaye ni lini, hoteli ikishajengwa? Mwishowe likaandikwa jambo dogo, la maneno makavu: ukurasa wa thelathini na moja unaondolewa, Kolweny inatolewa kwenye orodha ya kupimwa hadi uwanja uhesabiwe upya kwa mwezi mzima, mwanga na giza. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wakainuka kwenda kula.

Daktari alimfuata nje, kwenye ile njia ya mawe ya wageni kutembea kando ya maji. Alionekana mzee kuliko Februari.

"Awamu ya pili watampa mtu mwingine," alisema. "Nilijaribu pale mezani."

"Nilikusikia."

"Ukimaliza diploma, niandikie. Sikuahidi kitu. Niandikie tu." Akavaa miwani. "Zile kurasa za kalenda, naweza kuzipiga picha? Kila mpango wangu kuanzia sasa nitaanza na hizo."

Akazipiga picha juu ya ukuta, akizishikilia upepo usizichukue, akaagana naye.

Nyatichi akakaa kwenye benchi. Lile neno lake halikuwepo tena ndani ya leso, na alishangaa kwamba mzigo ulikuwa umepungua kidogo, ingawa si sana. Kesho kulikuwa na duka. Jioni kulikuwa na darasa ambalo angelikosa tena. Akampigia Phelesia.

Simu ilipokelewa na makelele, kina mama wakiitana, miguu ikikimbia. "Sema haraka, min Boke, mvua inakuja!"

"Wameuondoa ukurasa. Hawatapima sasa. Watakuja kuhesabu upya mwezi mzima."

"Nani atakuja? Wewe?"

"Si mimi tena, mama."

Nyuma ya Phelesia mtu akapiga kelele kwa Dholuo kwamba ule wa bluu umebaki, shikeni ule wa bluu.

"Haidhuru," Phelesia akasema. "Awe nani, nitamkalisha nje kwanza jioni, nimpe chakula, nimwonyeshe juu. Ndipo atoe hiyo mashine yake." Akawa ameanza kukimbia, pumzi ikimkatika. "Na wewe ukija, njoo giza. Mbalamwezi utakuja kula tu. Giza, njoo na mikono."

Simu ikakatika. Upande wa magharibi, juu ya maji, wingu lilikuwa limeitia weusi nusu ya ziwa. Nyatichi akamfunika Boke kichwa kwa leso, akamfunga mgongoni na kukaza fundo mara mbili. Kabla ya kuondoka akaufungua ukurasa wa Aprili, akaanza na siku za giza penye wino wa kijani, akahesabu kwa kidole siku ishirini na tisa mbele hadi giza lingine, akaona linaangukia likizo ya chuo.